Sahani ya Klachi Iliyovunja Mkono wa Ndugu Yangu

Mimi ni mwanamme wa miaka arubaini na mbili, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu, mzaliwa wa Ng'ambo hapa Unguja. Wananiita Sele. Kazi yangu ilikuwa kuchukua wageni uwanja wa ndege, kuwapeleka mahoteli ya Kiwengwa na kuwarudisha, kwa gari yangu mwenyewe ya abiria saba.

Nasema ilikuwa... kwa sababu leo gari sina, wageni sina, na meno yangu mawili ya mbele pia sina. Lakini meno si kitu, wasomaji wenzangu! Nilichopoteza ni ndugu. Na sikunyang'anywa na mtu, nimempoteza kwa mkono wangu huu.

Mama yangu mzazi alifariki siku aliyonizaa. Jirani yetu, Bi Hidaya, alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo mtoto wa kiume, Makame. Akanichukua, akaninyonyesha pamoja na mwanawe mpaka tukaachishwa ziwa siku moja. Kwa dini yetu hapo mmeshakuwa ndugu, hakuna mjadala. Bi Hidaya alikuwa akipenda kututania mbele ya watu, akisema, “Sele nlimpa titi la kulia maana ni mgeni wangu. Makame nkampa la kushoto.” Tukicheka sote. Sikujua kuwa iko siku maneno hayo yatanitoa machozi.

Makame akawa fundi wa magari, na gereji yake iko Mikunguni, uani kwao. Mpole, mchache wa maneno, mikono yake haikosei. Mimi Mungu alininyima upole. Nina hasira! Niliwahi kumvunja pua dereva mwenzangu kwa kichwa, pale pale uwanja wa ndege, kisa kanichukulia mgeni. Nyumbani niliwahi kuipiga teke tivii ikapasuka kwa sababu chai imechelewa. Mke wangu, Rukia, akisikia mlango wa gari unabamizwa nje, huwakusanya watoto haraka akawaingiza chumbani. Naona haya kuyaandika haya, lakini nimeamua kusema kweli.

Kila nilipopigana, aliyekuja kuamua ni Makame. Ana kovu begani la chupa niliyomkusudia mtu mwingine, yeye akajitia katikati. Hata siku hiyo hakunilaumu. Alijifunga kitambaa akanambia, “Twende nyumbani, yakhe.”

Basi mwaka juzi tuligombana mimi na yeye. Alinambia nimempiga Rukia bila haki, nami nikamwambia asiniingilie unyumba wangu. Tukanuniana mwezi mzima. Katika mwezi huo klachi ya gari ikaniharibikia nikiwa Makunduchi, nikamchukua fundi wa njiani asiyenijua wala nisiyemjua. Akaifungua chini ya mti, akatia sahani aliyokuwa nayo, nikaenda zangu. Nilipopatana na Makame sikumwambia. Niliona aibu... Gari ya Sele kuguswa na fundi mwingine! Ingekuwa kama kumwambia nimekula kwa jirani na chungu chake kiko jikoni.

Hayo ndiyo makosa yangu ya mwanzo. Yashikeni, maana mengine yote yamezaliwa na hayo.

Mwaka haukutimia, gari ikaanza vitimbi. Nikikanyaga mafuta injini inanguruma kama inataka kutoka, lakini mwendo hauongezeki. Pedeli ya klachi ikawa inashika juu kabisa, mguu unakaribia kuachia ndipo gari inaondoka. Nikipanda kilima na wageni na masanduku yao, ndani kunanuka kama kuna kamba inaungua. Mgeni mmoja akafunika pua kwa kofia yake.

Nikaipeleka kwa Makame. Hakuifungua. Alipanda, akavuta hendibreki mpaka juu, akatia gia ya tatu, akatia mafuta kidogo, akaachia klachi taratibu. Akanieleza kuwa klachi nzima ingeizima injini pale pale. Ile yangu wala haikuizima! Injini ikaendelea kunguruma, gari imesimama tuli, na moshi mwembamba ukatoka chini.

“Imekwisha,” akasema. “Klachi hii ishapata kuguswa na mtu?”

“Haijaguswa, wallahi,” nikamjibu.

Wallahi! Niliapa kwa jina la Mungu, ya uongo, kwa ajili ya aibu ya kitoto. Makame alinitazama kidogo, akainama akaanza kazi.

Aliposhusha giaboksi akaitoa ile sahani, akaigeuza mkononi mara mbili tatu. Akaniita. Alinambia sahani hiyo si ya gari yangu. Meno ya katikati yanaingia sawasawa, lakini upana wake ni mdogo, haikifuniki chuma kizito cha nyuma ya injini wanachokiita flaiwili. Na chuma chenyewe kishaungua, kina mabaka ya buluu. Akataka kichongwe, na ninunue seti kamili, yaani sahani, presha inayoibana na beringi, zote mpya. Na la mwisho akalisema mara mbili: nisinunue kwa sampuli. Ninunue kwa namba za gari.

Hapa petu, anayejua na asiyejua atakwambia kuwa spea hununuliwa kwa sampuli. Unachukua kile kibovu, unakipeleka dukani, wanakupa kinachofanana nacho. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Makame alikuwa ananambia nisifanye hivyo kwa sababu kibovu chenyewe ni cha uongo. Nami nilijua kuwa anasema kweli! Nilijua nani alikitia na wapi. Lakini ningesemaje, nami nimeshaapa?

Nikatoka na sahani ile ndani ya gazeti, nikaenda kwa shemeji yangu Nassor, kaka yake Rukia, mwenye duka la spea. Nikamweleza. Nassor akacheka mpaka akashika tumbo.

“Shemeji, na akili zako zote hizo! Seti kamili ya nini? Mafundi wanakula cha juu madukani. Huyo ndugu yako wa maziwa anakukamua maziwa.”

Maneno hayo yakaniingia kama pilipili kidondani. Kwa nini nilimwamini Nassor, mtu aliyekuwa hata mkopo wa chumvi hanipi, nikamwacha aliyenyonya nami? Nimejiuliza mara ngapi! Jibu ni kwamba Nassor alinipa sababu ya kukasirika. Na mtu mwenye hasira kama mimi, akipewa sababu hushukuru.

Akachukua sampuli yangu, akailinganisha, akanitolea sahani moja mpya inayofanana nayo kama pacha. Sahani tu, bila presha wala beringi.

Makame alipoiona akatikisa kichwa. Akanambia hawezi kuifunga hiyo. Nikamwuliza yeye ni fundi au dalali? Akanirudishia ile mpya. Nikapandisha sauti, mafundi wake wawili wakaacha kazi, majirani wakachungulia. Nikamwita mwizi. Nikamwita mlaji wa cha juu. Ile sahani kongwe nikaitupa miguuni pake kwa nguvu, ikamchana kifundo cha mguu, damu ikatoka.

Bi Hidaya alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Aliona yote. Makame alimtazama mama yake, akaniambia polepole, “Lete niifunge. Lakini Sele, hata mwezi haitomaliza. Ya mwanzo ilikuta chuma kizima, hii itakuta kishaungua. Izungushe hapa hapa mjini. Usiende nayo shamba, na usipakie watu.”

Akaifunga. Damu ya mguuni imemkaukia, anaifunga. Sikumwambia hata ahsante.

Kesho yake nikaenda Kiwengwa.

Siku kumi gari ilikwenda vizuri. Nikawa natamba kila ninapokaa kuwa nimewashinda mafundi na ujanja wao. Nassor akinipigia simu kila jioni tunamcheka Makame. Siku ya kumi na moja, asubuhi, nikapakia wageni sita na masanduku yao, wanawahi ndege. Tulipofika karibu na Dunga, injini ikanguruma... mwendo ukapungua... ikanguruma zaidi... Nikakanyaga mafuta mpaka chini. Moshi ukajaa ndani! Mama mmoja wa kigeni akapiga kelele, mwingine akafungua mlango akaruka na gari bado inajikokota, akaanguka akachubuka viganja.

Ndege ikawaacha. Mkubwa wa hoteli akanipigia simu, akanambia gari yangu asiione tena getini kwake, na akakata. Miaka saba ya kazi ikafa kwa simu moja.

Nilipiga teke mlango wa gari mpaka ukabonyea. Nikapiga kioo kwa ngumi, vidole vikatoka damu. Kichwani nina sauti moja tu: Makame kanifanyia kusudi. Kaifunga vibaya ili maneno yake yatimie! Alisema haitomaliza mwezi, imekwisha. Alijuaje?

Alijuaje! Oneni ujinga wa mtu mwenye ghadhabu. Alijua kwa sababu ni fundi.

Nikachukua wili spana, ile ya chuma ya kufungulia magurudumu, nikasimamisha lori la mchanga. Njia nzima nimekaa na chuma mapajani. Dereva wala hakuniuliza, alidhani nimepata pancha.

Nilipoingia uani, Makame alikuwa peke yake mbele, amesimama karibu na kabati lake la bati. Mafundi wake walikuwa nyuma wanaosha vyombo vyao kwa dizeli. Aliniona nilivyo, na chuma alikiona. Wala hakukimbia. Alisema, “Ishaungua, eeh? Nlikuwa nnakungoja. Ngoja, ndugu yangu, ngoja...”

Akafungua mlango wa kabati, akanyoosha mkono wa kulia ndani.

Mimi nikaona anatafuta chuma. Nikasema, hanitangulii huyu!

Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Spana ilimpata mkono pale pale ukingoni mwa kabati, bati chini na chuma juu. Ile sauti ya mifupa... jamani, sitaki hata kuisimulia. Makame hakupiga ukelele. Alisema tu, “Sele... mkono wangu.” Mwanamme aliyesema hivyo mimi nikampiga mara ya pili, begani, penye lile kovu. Akaanguka, nikampiga mateke. Ya mbavu, ya tumbo, sijui mangapi. Nilikuwa nikilia huku nampiga, sijui nalia nini.

Mafundi wake wakanishukia. Sikulaumu mtu. Mmoja alinipiga kwa ubao mdomoni, meno mawili nikayatema pale pale kwenye mafuta machafu. Wakanifunga kwa kamba ya kuvutia magari. Kitu cha mwisho nilichokiona kabla polisi hawajafika ni Bi Hidaya amepiga magoti, ameushika mkono wa mwanawe mapajani mwake, na ule mkono umepinda mahali pasipo na kiungo.

Nililala mahabusu siku nne. Siku ya tano nikaachiwa. Nilidhani nimetolewa na Nassor, maana nilimtumia salamu nyingi. Wapi! Nassor hakutia mguu. Aliyenitoa ni Makame. Kitandani hospitali, mkono umefungwa mpaka begani, aliwaambia polisi kuwa sisi ni ndugu, tumegombana, na hana shitaka. Akaomba jambo liende kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu.

Sheha ni mzee wa haki na hapendi maneno matupu. Alisema gari ivutwe mpaka gerejini, ifunguliwe mbele ya watu, ijulikane mkosa nani. Akaletwa fundi mwingine, mzee Ameir, asiyekuwa na upande. Nassor naye akaitwa. Mimi nikasimama na mdomo umevimba, bado moyoni nina tamaa ya kuonekana nilikuwa na haki.

Mzee Ameir akashusha giaboksi. Sahani ya Nassor ilikuwa imekwisha, imekuwa majivu na bati. Akaiweka juu ya flaiwili kila mtu aone. Pembeni pakabaki duara la chuma upana wa kidole, ambalo sahani hailifikii. Akasema kazi ya kufunga haina kasoro hata moja, kasoro ni kilichofungwa. Kila kilomita gari iliyokwenda, imekwenda kwa kuteleza.

Nassor akaruka upesi kujitoa. “Mimi nliletewa sampuli, nkatoa iliyofanana nayo. Dhambi yangu nini?”

Na kweli, hapo hakusema uongo.

Mzee Ameir akauliza, basi hiyo sampuli ilitoka wapi? Nani aliifungua klachi hii kabla ya Makame? Watu wote wakanitazama. Nikafungua mdomo wangu wenye pengo, nikasema ya Makunduchi. Nikasema na kuwa niliapa.

Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea.

Mmoja wa wale mafundi vijana akenda kabatini. Akasema wao walipomnyanyua Makame siku ile, mlango wa kabati ulikuwa wazi na kitu kimevutwa nusu. Akakitoa, akakiweka mbele ya sheha. Lilikuwa boksi jipya, zito, lina alama ya damu pembeni. Sheha akalifungua. Ndani mlikuwa na seti kamili ya klachi: sahani pana, presha, beringi. Ya gari yangu! Risiti ilionyesha Makame aliinunua kwa pesa zake siku ile ile nilipomtukana, akaiweka, ananisubiri nirudi.

Juu ya boksi ameandika kwa kalamu nene, ili mafundi wake wajue kama mwenyewe hayupo. Sheha alilisoma kwa sauti.

“Ya Sele. Akija afungiwe, asigombwe.”

Asigombwe...

Mkono ule ulikuwa unanitolea hili boksi, wasomaji wenzangu! Nami nikauvunja ukiwa bado umelishika.

Nilianguka chini. Nikatambaa mpaka miguuni kwa Bi Hidaya, nikaushika upindo wa kanga yake. Nikamwomba anipige, anilaani, afanye atakalo. Bi Hidaya hakunipiga. Aliutoa upindo wake mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja.

“Titi la kulia nlikupa wewe,” akasema. “Na mkono wa kulia wa mwanangu ukauchukua. Umebakisha nini, Sele?”

Akaingia ndani.

Mkono wa Makame uliungwa mara mbili. Mifupa imeshikana, lakini vidole vitatu havikunji na kidole gumba hakina nguvu. Spana hashiki. Sasa hukaa kwenye kibao pale gerejini, anasikiliza injini kwa sikio, anawaelekeza vijana. Ugonjwa wa gari anaujua vile vile. Akishaujua hunyanyua mkono kwa mazoea, kisha huurudisha mapajani.

Rukia amerudi kwao na watoto. Hakupiga kelele wala hakudai talaka. Alinambia tu kuwa mtu aliyemfanyia hivyo Makame, yeye atamfanyia nini? Gari niliiuza kama ilivyo, na boksi sikuligusa, sina uso wa kuligusa.

Idi iliyopita nikajikaza nikaenda kwa Bi Hidaya, nimevaa kanzu, nimeshika kofia mkononi. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, “Marahaba.” Basi, hakuongeza. Wanaume walikuwa wamezunguka sinia la pilau, na Makame yumo. Mnajua mila yetu: mkono wa kushoto hauingii chakulani. Makame hakutaka kula kwa kushoto mbele ya watu, hata kwa kijiko. Basi mama yake, na miguu yake ya uzee, alikuwa ameketi kando yake anamtilia matonge mdomoni. Mtu mzima wa miaka arubaini na mbili, ndevu zimeanza mvi, analishwa kama siku ya kuachishwa ziwa! Watu wote wameinamisha macho kwenye sinia.

Nikanawa. Nikapiga magoti mbele yake, nikafinyanga tonge zuri, nikatia na kipande cha nyama, nikalipeleka mdomoni kwake.

Makame alinitazama. Hakuna chuki machoni pake, naapa, na safari hii naapa ya kweli.

“Nshakusamehe, Sele,” akasema. “Mbele ya Mungu sikudai kitu.”

Kisha akafumba mdomo.

Nikangoja. Tonge limepoa mkononi, mafuta yananichirizika mpaka kifundoni. Mdomo haukufunguka. Mwisho akasema taratibu, “Mpe mama.”

Nikaliweka tonge lile kiganjani mwa Bi Hidaya. Yeye akampa, naye akala.

Wasomaji wenzangu, sina elimu ya kuwafundisha. Lakini kama una gari, na injini inanguruma na mwendo hauji, msikilize fundi wako. Akikuuliza nani ameigusa kabla yake, mwambie kweli hata ikikuaibisha, maana sampuli ya uongo huzaa nyingine. Wenye fitina wasikupe hasira za bure. Na wewe mwanamme mwenzangu ambaye mkeo anawaficha watoto akisikia hatua zako, nakuomba kwa Mungu, tafuta wa kukusaidia leo, kabla hujapata chuma cha kushika.

Mimi chuma nilikishika. Sasa kila nikila, naunyanyua mkono wangu wa kulia, mzima, hauna hata kovu, kisha nalirudisha tonge sahanini. Ukimwona ndugu yako ananyoosha mkono, ngoja. Ngoja kidogo tu, uone anakupa nini.